Watu wa Hijra Mbili: Vijana Waliotolewa Makwao na Vita, na Haki Yao Juu Yetu

(Maandishi ya mhadhara wa Ramadhani uliotolewa baada ya sala ya Alasiri, mbele ya wanajumuiya na familia zao.)



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu tukiwa hai na wenye afya. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, ambaye alitolewa katika mji alioupenda kuliko miji yote, na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake, waliohama na waliowanusuru waliohama.

Ama baada ya hayo. Wazee wetu watukufu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu: tumetakiwa leo tuzungumze juu ya vijana waliotolewa makwao na vita vya wenyewe kwa wenyewe wakaja kuishi katika nchi hizi za ugenini. Maudhui haya hayako mbali nasi. Vijana hao tunasimama nao safu moja kila usiku katika Tarawehe. Tunawaona wakifungua saumu kwa tende na maji pembeni mwa ukumbi, kisha wanatoka kimya kimya kabla hatujawajua majina. Makusudio yetu ni kueleza walikopita, na haki waliyo nayo juu yetu sisi tuliotangulia kufika.

Hadithi ya watu wa jahazi

Tuanze na kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, radhi za Allah zimshukie. Mnamo mwaka 615 wa Miladi, Waislamu wa mwanzo walipozidiwa na mateso ya Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme ambaye mtu hadhulumiwi mbele yake. Wakavuka bahari. Wengi wao walikuwa vijana. Ja'far bin Abi Talib, aliyesimama kuwasemea mbele ya Najashi, alikuwa bado hajafika miaka thelathini. Alikuwa na mkewe, Asmaa bint Umays, na watoto wao walizaliwa huko huko ugenini. Walikaa miaka ipatayo kumi na mitatu. Hawakurejea ila mwaka wa saba wa Hijra, kwa jahazi, wakamkuta Mtume katika siku za Khaybar.

Siku moja Asmaa alikwenda kumzuru Bi Hafsa, akaingia Sayyidna Umar. Alipojua mgeni ni nani, alimtaja kuwa ndiye yule Mhabeshi, ndiye yule wa baharini, kisha akamwambia kwamba wao wa Madina wamewatangulia watu wa jahazi katika hijra, na kwa hiyo wao ndio wenye haki zaidi kwa Mtume. Asmaa alighadhibika. Alimjibu kwamba wao walikuwa pamoja na Mtume, aliyewalisha wenye njaa miongoni mwao na kuwafundisha wasiojua, ilhali sisi, akasema, tulikuwa katika nchi ya mbali yenye chuki, tukiudhiwa na tukiwa na hofu. Akaapa kuwa hatakula wala hatakunywa mpaka amfikishie Mtume maneno hayo.

Mtume (S.A.W.) aliposikia, alihukumu kwamba Umar hana haki kubwa zaidi kuliko wao. Umar na wenziwe wana hijra moja. Watu wa jahazi wana hijra mbili. Wapokezi wa hadithi wanaeleza kuwa watu wa jahazi walikuwa wakimjia Asmaa makundi kwa makundi, kila mmoja akitaka asimuliwe tena neno hilo. Hapakuwa na jambo la dunia lililowafurahisha kuliko hilo.

Ndugu zetu, zingatieni kisa hiki. Mzozo wenyewe ulikuwa baina ya wahamiaji na wahamiaji. Wote walikimbia, wote waliacha majumba, ila mmoja alifika mapema na mwingine alichelewa njiani. Aliyefika mapema, juu ya utukufu wake wote, alidhani kutangulia ni daraja. Mtume akaigeuza mizani: aliyezungushwa zaidi na taabu ndiye mwenye ziada.

Sisi na sisi

Jumuiya yetu imejengwa na watu waliohama kwa nyakati mbalimbali. Wapo ambao wazee wao walitoka visiwani baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, wakenda Muscat, Dubai, Kairo na miji ya Uingereza. Wapo waliovuka kutoka Pemba hadi Shimoni baada ya mauaji ya Januari 2001, walipokuwa wakimbizi wapatao elfu mbili katika ardhi ya Kenya. Wapo waliokuja kwa masomo au kwa kazi, wakakaa. Na wapo ndugu zetu waliotoka pwani ya Banadir.

Kwa hao wa mwisho tungependa kutua kidogo, kwani vijana wengi hapa ukumbini ni watoto wao na hawajasimuliwa. Barawa ni mji wa kale wa Kiislamu katika pwani ya kusini ya Somalia, na wenyeji wake husema Chimiini, ambayo ni lahaja ya Kiswahili. Mji huo ndio uliomtoa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyekuwa kadhi Unguja katika karne ya kumi na tisa. Ndio uliomtoa Sheikh Uways bin Muhammad, aliyeieneza Qadiriyya katika pwani yetu, akauawa mwaka 1909. Na ndio uliomtoa Bibi Dada Masiti, mshairi aliyetunga mawaidha kwa Chimiini.

Mwezi Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Silaha zikaenea mikononi mwa makundi ya koo mbalimbali. Watu wa Barawa, na wenzao wa miji ya kale ya Mogadishu na Marka, walikuwa wafanyabiashara, mafundi, wavuvi na wanazuoni. Hawakuwa na jeshi la ukoo. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na hao ndio waliokuwa nyasi. Waliporwa na kila kundi lililopita: leo kundi hili limechukua dhahabu, kesho lile limechukua milango na mabati, na keshokutwa wamewajia mabinti. Walipanda majahazi na mashua zilizojaa kupita kiasi kuelekea Lamu, Malindi na Mombasa. Wengine walizama. Waliofika waliwekwa katika kambi za pembezoni mwa Mombasa, kama ile ya Utange, mpaka kambi hizo zilipofungwa katika muongo huo huo. Kutoka hapo baadhi walipata kuchukuliwa na nchi za mbali: wengine London, wengine Columbus katika jimbo la Ohio, wengine Atlanta. Barawa hadi Mombasa ni hijra ya kwanza. Mombasa hadi ng'ambo ni ya pili.

Wako na wengine ambao jumuiya za Waswahili huwasahau kwa wepesi. Katika bonde la mto Juba waliishi wakulima ambao babu zao walikamatwa katika karne ya kumi na tisa kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapitishwa katika bandari za pwani yetu kama bidhaa. Baadhi yao husema Kizigua mpaka leo. Vita vilipofika mashambani kwao, nao walikimbia bila mtu wa kuwatetea, wakaingia kambi za Dadaab. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea wapatao 12,000. Mwaka 2002 wakahamishiwa Kakuma, na 2003 wakaanza kuwasili Marekani. Wengine walirudi Handeni, wakapewa ardhi Chogo. Kijana wa kundi hili akiingia msikitini kwetu, akasikia mtu akimwita kwa jina la dharau lililobakia tangu zama za utumwa, basi ameonewa mara tatu: babu yake aliuzwa, baba yake alifukuzwa, na yeye ametukanwa katika nyumba ya Mwenyezi Mungu.

Vita humchukulia nini kijana

Mtu mzima akikimbia vita hupoteza alichokwisha kujenga. Kijana hupoteza alichokuwa bado hajajenga, na hasara hiyo haionekani kwa macho. Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni umri. Kijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano ndiye anayetafutwa na wenye bunduki. Wazazi hulijua hilo, na mara nyingi ndilo linalowafanya wamtoe usiku kabla ya wengine wote. Akifika kambini, miaka husimama. Kambi tatu za mwanzo za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilijengwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000. Ilipofika mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Wapo waliozaliwa humo, wakaoa humo na wakapata watoto humo, bila ruhusa ya kutoka kwenda kufanya kazi mjini. Hata tarehe ya kuzaliwa huandikwa na mwingine. Ukikutana na vijana wengi waliozaliwa tarehe mosi Januari, jua kwamba karani aliyewaandikisha hakuwa na tarehe nyingine ya kuweka. Kisha kijana huyo hufika huku, akatiwa darasani kwa kufuata tarehe hiyo, akakaa na wenziwe waliosoma miaka kumi mfululizo, naye shule yake ilikatika tangu bunduki ya kwanza ilipolia.

La pili ni jamaa. Safari ya kupelekwa nchi ya tatu huenda kwa faili. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi huchagua kesi, nchi pokezi huhoji na kupima afya, na kila mwaka wanaopata nafasi hiyo hawafiki hata mmoja katika kila wakimbizi mia. Kwetu sisi mtoto wa ndugu aliyelelewa nyumbani ni mtoto, na mama mdogo ni mama. Katika faili mara nyingi sivyo. Hivyo dada huitwa na kaka hubakia. Bibi aliyewalea huachwa na wajukuu hupandishwa ndege. Yule aliyetangulia hulala katika chumba chenye joto huku simu ikilia kutoka kambini, na nusu ya ujira wake wa kwanza imekwisha kutumwa kabla hajanunua koti.

La tatu ni itibari, yaani kuwaamini watu. Kijana aliyeona jirani akimwonesha mwenye bunduki ilipo nyumba yao hawezi kurudi kumwamini kila anayemwambia karibu. Amehojiwa mara nyingi, na kila alipojibu, jibu lilipimwa kama ni kweli au ni uongo. Tusishangae basi akitujibu kwa neno moja. Wala tusimlazimishe kusimulia yaliyomkuta ili sisi tupate ibra. Ibra ipo katika Qur'ani kwa wingi. Majeraha ya mtu ni amana yake.

Na haya si mambo ya kale. Vita vya Sudan vilizuka tarehe 15 Aprili 2023, siku ya ishirini na nne ya Ramadhani ya mwaka 1444, watu wakiwa wamefunga. Vijana wa Darfur waliopitia Libya na kuvuka bahari mbili wako leo katika misikiti ya Uingereza. Mashariki ya Kongo nako vita vimewatoa watu kwa miaka na miaka, na wengi wao wanasema Kiswahili kama sisi. Baadhi yao si Waislamu. Lakini tukumbuke kwamba aliyewafungulia mlango watu wetu wa mwanzo alikuwa mfalme Mkristo, na hakuwauliza kwanza watasali wapi. Deni la Najashi liko shingoni mwetu, na jirani wa Kikongo anayehangaika na barua asiyoweza kuisoma ni mahali pazuri pa kuanzia kulilipa.

Mtume aliwapokeaje?

Tunayo mifano mitatu ya mapokezi, na kila mmoja una kazi yake kwetu.

Mfano wa kwanza ni Umm Khalid, binti ya Khalid bin Said. Alizaliwa Uhabeshi na akaja Madina akiwa msichana mdogo. Mtume (S.A.W.) aliletewa vazi lenye nakshi, akauliza nani anafaa kuvishwa, kisha akaagiza aletwe mtoto huyo. Akamvika kwa mkono wake, akamwombea alivae mpaka lichakae, na akalisifu vazi hilo kwa neno la Kihabeshi, lugha ya nchi alikokulia mtoto. Hakumcheka kwa lafudhi wala hakumlaumu kwa kukulia kwa wageni. Tunawasikia baadhi ya wazee wakiwakemea vijana kwamba Kiswahili chao kimeharibika, au Chimiini chao kimechanganyika na Kisomali na Kiingereza. Mtoto hakuichagua nchi aliyojifunzia kusema. Tukitaka aipende lugha yetu, tumsemeshe kwanza kwa ile anayoielewa, na polepole tumvishe yetu kama vazi zuri.

Mfano wa pili ni Abdallah bin Ja'far, naye mzaliwa wa Uhabeshi. Hakuwa amekaa sana Madina baba yake akauawa shahidi vitani Mu'ta, mwaka wa nane. Mtume aliingia nyumbani kwa Asmaa, akawataka watoto wa Ja'far, akawakumbatia huku machozi yakimtoka, akaagiza watu wa Ja'far wapikiwe chakula. Kisha akasimama kuwa mlezi wao. Kijana huyo, aliyezaliwa ukimbizini na kufiwa angali mdogo, alikua akawa miongoni mwa watu mashuhuri kwa ukarimu katika umma huu. Aliyepewa mlezi aligeuka mtoaji.

Mfano wa tatu ni wa Abdurrahman bin Awf na Saad bin Rabi'. Mtume alipowaunganisha udugu, Saad alimtolea mgeni wake nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akataka aoneshwe soko liko wapi. Akaanza kwa samli na jibini, na Mwenyezi Mungu akamfungulia. Wahenga wetu wamesema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baadhi ya watu huitumia methali hii kumchokoza mgeni aondoke. Maana yake njema zaidi ni hii ya Saad na Abdurrahman: mwenyeji hujitolea kwa moyo mmoja, na mgeni huheshimiwa kwa kuoneshwa soko. Sahani ya futari humshibisha usiku mmoja. Jembe humfanya mwenyeji.

Tufanye nini?

Wazee wetu na ndugu zetu, mawaidha bila ya kitendo ni upepo. Tunapendekeza mambo haya, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, udugu wa jina kwa jina. Kila familia yenye uwezo imchukue kijana mmoja, au ndugu wawili, iwaalike kufuturu nyumbani na si ukumbini tu, na iendelee baada ya Idi. Ramadhani hualika wengi, na Shawwal huwasahau. Kijana aliyefika peke yake hapa Uingereza huwa chini ya uangalizi wa halmashauri ya mji. Akitimiza miaka kumi na minane, msaada huo hupungua na maamuzi mengi humwangukia yeye. Huo ndio umri ambao anahitaji mtu wa kumpigia simu usiku.

Pili, soko. Miongoni mwetu wapo mafundi umeme, wauguzi, madereva, wahasibu, wapishi na wenye maduka. Yule ambaye bado hajaruhusiwa kufanya kazi kisheria tumsaidie asome lugha na ajiandae. Asitiwe katika kazi ya kificho itakayomharibia kesi yake na kumnyima ujira. Aliyekwisha kuruhusiwa tumwoneshe mlango wa cheti na wa uanagenzi.

Tatu, makaratasi. Kijana asiende peke yake kwa wakili wala kwenye mahojiano ikiwa sheria inaruhusu afuatane na mtu. Tujihadhari na wanaojiita washauri wa uhamiaji bila ya idhini, wakauza hadithi za kutunga. Ukweli wa kijana ndio hoja yake, nao ni ibada.

Nne, zaka. Mwenyezi Mungu ameiwekea mafungu manane katika Sura ya Tawba, na miongoni mwake wamo mafakiri, maskini, wenye madeni na msafiri aliyekatikiwa. Tunapopima pa kuipeleka zaka yetu mwaka huu, tusiruke vichwa vya waliokaa safu ya nyuma yetu.

Tano, ulimi. Neno mkimbizi lisitumike miongoni mwetu kama tusi, wala lisiwe sababu ya posa kukataliwa pindi dini na tabia zimeridhiwa. Atakaye kujua daraja ya mkimbizi na amwulize Asmaa bint Umays.

Na neno kwenu vijana wenyewe. Msidhani kwamba mlichelewa. Miaka mliyoipoteza njiani haikupotea mbele ya Mola wenu. Ameeleza katika Sura ya Nisaa kwamba mwenye kutoka nyumbani kwake kuhama kwa ajili Yake na Mtume Wake, kisha mauti yakamkuta, ujira wake uko juu ya Allah. Ikiwa ndivyo kwa ambaye hakufika, mliofika mna sababu kubwa zaidi ya kutarajia. Itakeni elimu hata kama mnaanza na wadogo zenu. Waulizeni wazee wenu kabla hawajaondoka: mji ulikuwaje, msikiti ulikuwa upande gani, bibi aliitwa nani. Na mkifanikiwa, msimsahau atakayeshuka kesho kutoka jahazi jingine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu, kwa baraka za mwezi huu, awarehemu waliozama baharini na waliozikwa njiani, awakutanishe waliotenganishwa na faili na mipaka, azime moto wa vita Sudan, Somalia, Kongo na kila panapomwagwa damu, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, rizki ya halali na makazi ya utulivu. Ee Mola, tujaalie tuwe wenye kuwanusuru wanaohama, wala usitufanye wenye kuhesabiana nani alitangulia. Utukubalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.